Bupe na Fani ya Tabibu

Katika mchezo wa kusimuliana hadithi na kurusha dadu tuliokuwa tukiucheza kila Jumamosi alasiri nyumbani kwa Bupe Mwaisaka, Vingunguti, kila mchezaji alipaswa kumbuni mtu wake na kumchagulia fani. Fani ndiyo iliyoamua mtu huyo anaweza nini na hawezi nini. Askari alipiga na kupigwa. Mpelelezi alipita pasipopitika na kufungua kilichofungwa. Mwanazuoni alitamka maneno yaliyowasha moto. Huyu, kwa lugha ya asili ya mchezo, alikuwa na jina jingine ambalo likitafsiriwa sawasawa ni mchawi, nasi tulilikataa kwa kauli moja, kwa kuwa madirisha ya Vingunguti hayana vioo na majirani wana masikio. Fani ya nne ilikuwa tabibu. Hiyo hakuna aliyeitaka. Bupe aliichukua kwa sababu ndiyo iliyobaki.

Mambo mengi katika maisha yake aliyapata kwa njia hiyo. Alizaliwa Tukuyu, akaletwa Dar es Salaam na shangazi yake baada ya mama kufariki, akasomea utoaji wa dawa kwa kuwa chuo cha ualimu kilikuwa kimejaa. Alipopata kazi katika duka la dawa huko Buguruni alimwita mdogo wake wa pekee, Gibson, aje kutafuta maisha. Bupe alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba wa mikono, mwenye tabia ya kusikiliza mpaka mwisho kabla ya kujibu. Gibson alikuwa kinyume chake: jitu la mtu, fundi umeme, mwenye sauti iliyosikika nyumba ya tatu. Wateja walimpenda, na watoto wa mtaa walimkimbilia aliporudi kazini.

Gibson alianguka kutoka kwenye jukwaa la mafundi katika nyumba ya ghorofa iliyokuwa ikijengwa Pugu. Uti wa mgongo uliumia, na tangu siku hiyo mwili wake kuanzia kiunoni kwenda chini haukusikia wala kutii. Mchumba wa Bupe alivumilia kwa muda, akaja Jumapili kadhaa na matunda, kisha akaacha kuja. Bupe hakumlaumu mbele yangu hata mara moja. Alikuwa na jambo zito zaidi la kufikiria. Muuguzi wa zahanati alikuwa amemfundisha kwamba mgonjwa wa namna hii asipogeuzwa kila baada ya saa mbili, nyama inayobanwa kati ya mfupa na godoro hufa, na ikishakufa huoza, na uozo huo ukiingia katika damu humuua mtu ambaye mgongo haukumuua.

Kumgeuza kulihitaji watu wawili. Bupe alimsukuma kwa mabega, na Gibson alishika nondo za dirisha lililokuwa juu ya kitanda na kujivuta. Bila mikono ya Gibson, Bupe asingemweza. Watu wengine tulijitolea. Nyumba yangu inapakana na yao, nami nimestaafu ualimu, sina haraka ya kwenda popote. Gibson alikataa. "Mwalimu, nakuheshimu," aliniambia. "Ukishaniona nilivyo huko chini, nitakusalimiaje kesho?" Hata Albano, rafiki yake tangu shule ya bweni, hakuruhusiwa. Hivyo Bupe aliomba kazi ya nusu siku, akawa anakwenda Buguruni na kurudi kama mtu anayenyonyesha.

Albano ndiye aliyeleta mchezo. Alikuwa karani katika machinjio, kijana mpole wa kutoka Songea, aliyejifunza mchezo huo alipokuwa masomoni Iringa. Alizitafsiri kanuni kwa Kiswahili, akaniomba nizisahihishe, na nilipokwisha kuzisahihisha nikajikuta nimekuwa mwanazuoni. Farida, fundi cherehani wa nyumba ya nyuma, Mzaramo wa hapo hapo na mjane mwenye mdomo, alikuja siku ya kwanza kutazama tu na akaondoka akiwa mpelelezi aitwaye Paka. Gibson alimbuni askari, akamwita Chuma. Meza tuliisogeza mpaka ubavuni mwa kitanda chake. Albano, aliyekuwa mwendesha mchezo, aliketi kichwani mwa meza, karibu na mto wa Gibson, akasimamisha mbele yake kipande cha boksi la biskuti, na nyuma ya boksi hilo akawa anarusha dadu ya pande ishirini iliyoamua mapigo ya maadui zetu: namba ikiwa kubwa pigo lilifika, ikiwa ndogo lilikosa.

Sijapata kumwona mtu akibadilika namna ile. Gibson aliyekuwa akijibu kwa neno moja wiki nzima, ikifika Jumamosi alikuwa akifoka, akitania, akipanga vita.

"Nyie laini sana," alikuwa akisema. "Chuma anatangulia. Mwalimu, wewe choma lango. Farida, acha kuiba, tupo kazini."

"Mie sijaiba, nimeokota," Farida alijibu. "Na usinipangie, we askari wa kulala."

Hakuna mtu mwingine Vingunguti ambaye angethubutu kumtania hivyo, na Gibson alicheka mpaka nondo za dirisha zikatikisika.

Uwezo wa tabibu, kama tulivyokuja kuuelewa, haukuwa mdogo. Sikitu, ndivyo Bupe alivyomwita mtu wake, aliweka mkono juu ya jeraha na jeraha likafunga. Aliyelala kufani aliinuka na kushika tena silaha yake. Maiti waliotembea walirudi nyuma alipowakemea. Kwa sababu yake tulithubutu kuingia mahali ambapo kikosi kisicho na tabibu kingepapita mbali. Udhaifu wake tuliuona polepole, kwa kuwa haukuwa wa kupigiwa kelele. Nguvu zake zilikuwa na kiasi, na zikiisha hazikurudi mpaka alale. Mkono wake wa kupigana ulikuwa mwepesi, na adui mwenye akili alimtafuta yeye kabla ya wote. Tena zamu yake haikuwa yake. Farida akipanda ukuta, mimi nikichoma lango, Chuma akikata vichwa, Bupe aliulizwa swali moja tu: "Dada, umebakiza nguvu kiasi gani?" Na tulipokwisha kushinda, tulisimulia wiki nzima shoka la Chuma, sikumbuki kama kuna aliyesimulia mkono wa Sikitu.

Palikuwa na sharti moja ambalo halikuwamo katika kanuni za asili. Albano, aliyelelewa kanisani, alisema kwamba uponyaji wa tabibu ni baraka, na baraka haimshukii asiyeitaka. Kwa hiyo Bupe akisema "Naweka mkono", majeruhi alipaswa kujibu "Napokea", ndipo jeraha lifunge.

"Na mie nikiwa nimezimia, naitikaje?" Farida aliuliza.

"Moyo unaitika, mdomo wako unasema kwa niaba."

"Haya, baba paroko."

Tulilizoea. Likawa kama salamu ya meza yetu.

Mambo yaliharibika kwa nia njema. Gibson alikuwa amerudishwa kutoka kliniki na habari ambayo kila mtu alikwisha kuijua isipokuwa yeye, kwamba miguu ile haitarudi. Kwa siku kadhaa hakutaka chakula. Bupe aliogopa. Kama Albano alivyonieleza baadaye, Bupe alimfuata machinjioni wakati wa mapumziko ya mchana, akamwambia hivi: "Usimuue Chuma. Chochote kitakachotokea mezani, usimuue. Hicho ndicho alichobaki nacho." Albano aliahidi. Mtu asiyewahi kuucheza mchezo huu hawezi kuona ubaya wa ahadi hiyo.

Jumamosi iliyofuata kikosi chetu kilifika kwenye daraja la kamba, na katikati ya daraja lilisimama zimwi lenye rungu. Chuma alitangulia, kama kawaida. Zamu ya zimwi ilipofika, Albano alirusha dadu nyuma ya boksi, akaitazama.

"Limekosa," akasema. "Rungu limepita juu ya kichwa."

Farida alipiga makofi. Gibson hakupiga. Alikuwa amelala ubavu wake wa kulia, shavu kwenye mto, macho yake yakiwa usawa wa meza.

"Albano."

"Naam."

"Dadu imesomaje?"

"Si nimeshasema, limekosa."

"Sijakuuliza zimwi limefanyaje. Nakuuliza dadu imesomaje."

Albano alimtazama Bupe. Kutazama huko kulitosha.

"Ishirini," Gibson akasema. "Nikilala ubavu huu naona nyuma ya boksi lako. Naonaga tangu siku nyingi, huwa nafumba macho nisiharibu mchezo. Leo sikufumba."

"Ni mie nilimwomba," Bupe akasema.

"Najua ni wewe."

"Gibson, nilitaka tu—"

"Huko nje kila mtu ananionea huruma, mpaka muuza mkaa. Hapa nilikuwa napigwa kama mtu. Kumbe hata hapa nilikuwa mgonjwa."

Hakupandisha sauti. Aliomba tumsogezee pazia, nasi tukatoka.

Jioni ile Bupe alipokwenda kumgeuza, Gibson hakushika nondo.

"Shika, Gibson."

"Sipokei."

"Huu si mchezo."

"Najua si mchezo."

Bupe alimsukuma kwa nguvu zake zote. Gibson aliinuka kidogo, akarudi palepale kwa uzito wake. Kesho yake Bupe alipitisha khanga mbili chini ya mgongo wake na kuzivuta kama mtu avutaye mtumbwi mchangani. Alifanikiwa kumwinua kiasi cha kuingiza mkono, kusafisha, na kusukuma kitambaa kikavu chini yake. Zaidi ya hapo hakuweza. Albano alikuja kusaidia. Alipomgusa tu bega, Gibson alipiga ukelele mkubwa hata watu wakajaa mlangoni, na Albano akatoka akiwa ameinamisha kichwa kama mwizi. Muuguzi wa zahanati aliitwa. Alisema mgonjwa apelekwe hospitali. Mgonjwa akasema haendi. "Ni mtu mzima, ana akili zake timamu," muuguzi alimwambia Bupe mlangoni. "Mimi siwezi kumfunga kamba. Endelea kumbembeleza, lakini usichelewe."

Bupe alimbembeleza. Alimpikia ndizi za kwao kwa maziwa. Alimletea kaseti za zamani za kwaya ya Tukuyu, ingawa hapakuwa na chombo cha kuzipigia. Alinyamaza siku nzima ili aone kama kimya kitafaa. Kidonda kilikuwa kimekwisha kuanza juu ya mfupa wa makalio, mahali ambapo Gibson mwenyewe hasikii kitu. Mara mojamoja aliuliza, kwa dharau, kama mtu anayeuliza matokeo ya mpira wa timu asiyoishabikia: "Vipi huko nyuma?"

"Kanapona," Bupe alijibu kila mara.

Farida alileta udi. Alisema ni kwa ajili ya harufu ya machinjio, ambayo mtaani kwetu hulaumiwa kwa kila kitu, na sote tukakubaliana kuilaumu kwa hii pia.

Asubuhi moja Bupe alinikuta nikifagia mbele ya mlango wangu. Alikuwa amevaa koti lake jeupe la dukani, lakini hakuonekana kuwa anakwenda popote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Ameamkaje?"

Alikaa kwenye ngazi bila kukaribishwa, jambo ambalo si tabia yake. "Dukani mtu anakuja na kikohozi, nampa dawa, anapona, ananipungia mkono barabarani. Nyumbani nimeshindwa kumgeuza mtu mmoja ubavu."

"Umezungumza naye?"

"Nimemlilia. Nimemtukana. Juzi nilimwambia, basi kufa, tupumzike wote. Halafu nikakaa jikoni nikawa nasikiliza kama anapumua." Alitazama viganja vyake, vilivyochubuliwa na khanga. "Mtu akikataa, Mwalimu, unamfanyaje?"

Nimefundisha miaka mingi na nimezoea kuulizwa maswali. Niliweka ufagio chini, nikaketi kando yake. Alitikisa kichwa kana kwamba nilikuwa nimemsaidia, akainuka, akarudi ndani.

Gibson mwenyewe ndiye aliyeuitisha mchezo wa mwisho. Alimtuma dada yake atuambie kwamba Chuma ameachwa pabaya: dadu imesema ameanguka, mwendesha mchezo amesema hajaanguka, na yeye hataki kuacha jambo lenye kauli mbili. Anataka Chuma afe kihalali. Bupe alituletea ujumbe huo neno kwa neno, akiwa amesimama uani kati ya nyumba zetu, na hakuna kati yetu aliyejifanya haelewi kinachoombwa. Farida alisema hatakuja kushiriki maziko ya mtu aliye hai. Alikuja, akakaa kwenye kiti chake, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote.

Gibson alikuwa amekonda usoni. Paji la uso liling'aa jasho ingawa hakukuwa na joto. Albano hakuja na boksi. Aliweka sinia la bati juu ya kifua cha Gibson, akaweka dadu ndani yake, akarudisha mikono yake mapajani.

"Ishirini ya siku ile inasimama," Albano alisema. "Chuma amepigwa, amelala kufani katikati ya daraja. Asipopata tiba mpaka mzunguko wa tatu uishe, amekufa. Zimwi bado liko juu yake. Zimwi likipiga, wewe ndiye utakayerusha. Mie sitaigusa tena dadu yako."

"Sawa," Gibson akasema. "Tumalize."

"Sikitu anavuka daraja," Bupe akasema.

Farida aligeuka. "Bupe, unakwenda wapi? Tabibu anakaa nyuma."

"Anavuka. Anapiga magoti kwa Chuma. Naweka mkono."

"Sipokei," Gibson akasema.

"Zimwi linampiga aliye karibu," Albano akasema kwa taabu. "Ni Sikitu. Rusha."

Gibson alirusha. Dadu ilizunguka katika sinia, ikatua kwenye nne. Zimwi lilikosa. Mimi nilitamka moto wangu na ulikuwa mdogo, kwa kuwa nilikuwa nimeutumia karibu wote langoni. Paka alitupa mishale yake, miwili ikaingia, zimwi halikuyumba.

"Naweka mkono," Bupe akasema.

"Sipokei. Rudi nyuma, dada."

"Sirudi."

Gibson alirusha tena. Ilikuwa kumi na sita. Albano alisema rungu limempata Sikitu begani na amebakiwa na uhai wa pigo moja.

"Basi ajiponye," Gibson akasema haraka. "Ana mkono, ajiwekee mwenyewe. Kanuni inaruhusu."

"Zamu yangu nimekupa wewe."

"Nimeikataa."

"Umeikataa, lakini nimeshaitoa. Hairudi."

Hivyo ndivyo kanuni ilivyokuwa, na Gibson aliijua kuliko sisi sote.  Mzunguko wa tatu ulianza. Moto wangu ulikuwa umekwisha. Farida alisema Paka anakimbilia darajani, na Albano akamwambia hafiki, njia ni ndefu.

"Naweka mkono," Bupe akasema.

"Unanitega," Gibson akasema. "Unataka nikuonee huruma. Mlichonifanyia nyie, na mie nikufanyie."

"Sikutegi. Nina ujanja gani mie, Gibson? Silali. Mgongo wangu umekwisha kwa kukuvuta. Nimekaa hapo darajani kwa sababu sijui pengine pa kukaa. Nikirudi nyuma nitafanya nini huko, nitakutazama?"

"Ondoka."

"Naweka mkono."

Gibson hakusema anapokea wala hapokei. Alifunga dadu kiganjani.

"Nisiporusha?" alimwuliza Albano.

"Usiporusha, mchezo ni wa uongo," Albano akajibu. Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuyafuta.

Gibson alirusha. Dadu iligonga ukingo wa sinia, ikarudi, ikasimama. Aliisoma mwenyewe, kwa sauti, kama mtu aliyeapa.

"Kumi na tisa."

"Sikitu amekufa," Albano akasema.

Bupe alitikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia, akakunja mikono yake juu ya meza. Nje muuza maji alikuwa akipita na mkokoteni wake. 

"Napokea," Gibson akasema.

"Amekwisha kufa, Gibson."

"Nimesikia. Nasema napokea."

"Hakuna aliyebaki wa kukupa."

Nilidhani atageukia ukutani. Badala yake alikasirika, na hasira ile ilikuwa ya kwanza yenye uhai tangu siku ya boksi. "Mjinga gani anacheza namna hii?" alimwambia Bupe. "Tabibu anakwenda mbele bila ngao, mkono mwepesi, nguvu kidogo. Mtu mmoja anategemewa na kikosi kizima, akianguka yeye wote tumekwisha. Nani alipanga hivi?"

"Wewe," Bupe akasema.

Neno hilo alilisema bila ukali. 

"Ulisema Mwalimu asikuguse," Bupe akaendelea. "Ulisema Albano asikuguse. Nikabaki mie. Niko mmoja, Gibson, na nimekwisha. Si kwenye mchezo. Mikono yangu haikuwezi, na wewe unakufa hapo ulipolala. Nimekaa nikikuangalia ukifa nikakwambia kanapona."

Farida alianza kunong'ona dua.  Jasho lilimtiririka Gibson hadi sikioni, na dada yake hakulifuta; sidhani kama alikuwa na nguvu ya kuinua mkono.

"Farida," hatimaye akasema. "Dada yangu, nakuomba utoke nje kidogo."

Farida alitoka na kuurudisha mlango.

"Mwalimu, uje upande wa miguu. Albano, huku begani." Alikuwa hatazami yeyote kati yetu. "Msinitazame usoni mkiwa mnafanya."

Tulimgeuza. Watu wawili wanaume, tena mmoja mzee, tuliifanya kwa muda mfupi kazi ambayo Bupe alikuwa akiipigania kwa khanga usiku na mchana. Bupe alifunua shuka na kubandua kitambaa. Yeye mwenyewe alikuwa hajapata kukiona kidonda kile chote. Alikuwa akikijua kwa vidole. Albano aligeuza uso. Mimi nilitazama, kwa sababu niliona kwamba mtu fulani alipaswa kutazama pamoja naye. Kilikuwa kipana kuliko kiganja changu, cheusi pembeni, na katikati yake palikuwa na kitu cheupe.

"Vipi huko nyuma?" Gibson aliuliza, uso wake ukiwa umeelekea ukutani.

 Nilimwona Bupe akitafuta neno lile alilolizoea, na nikamwona akiliacha.

"Ni kikubwa," akasema. "Kimeoza. Mfupa unaonekana."

Gibson alivuta pumzi, akaitoa. "Nitapona?"

"Sijui. Dawa za kukiponya hiki dukani kwetu hatuna. Wanaweza kukikata hospitali, wakasafisha. Na wanaweza wakasema tumechelewa."

"Wewe unaonaje?"

"Naona tumechelewa," Bupe akasema. "Lakini mie si daktari."

 Gibson akasema, taratibu, kama mtu anayechukua kitu kizito kutoka mkononi mwa mwenzake, "Basi nipelekeni. Bajaji sitaweza kukaa. Tafuteni kirikuu, kile kigari cha mizigo, mniwekee na godoro."

Farida, aliyekuwa mlangoni kwa muda wote huo, alikuwa amekwisha kuanza kukimbia. Alirudi ameketi mbele ya kigari cha mtu anayesambaza nyama mabuchani, akimwamuru dereva amwage maji na aoshe bodi kabla ya mgonjwa kupandishwa. Tulimbeba Gibson na godoro lake, akiwa amelala ubavu, na majirani ambao alikuwa akiogopa macho yao walishika pembe bila kuulizwa. Bupe alipanda nyuma pamoja na Albano. Alitaka kuweka mkono wake chini ya nyonga ya mdogo wake ili isigonge bodi barabarani, lakini Gibson alimzuia.

"Acha, Albano atashika," alisema. "Wewe kaa. Lala kidogo."

Bupe alisema hawezi kulala ndani ya gari. Kabla hatujafika kwenye lami alikuwa amelala, kichwa kimeegemea ubavu wa gari na kinagonga kila tulipopita shimo, na Gibson akawa ananiambia mimi, niliyekaa mbele na kioo kikiwa wazi, nimwambie dereva apunguze mwendo.